Sauti Isiyovuta Pumzi

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaita watu benki. Hakuajiriwa huko, na akaunti yenyewe hakuwa nayo, lakini ukiingia ukumbini ukachukua kikaratasi chako cha foleni na kuketi, ni yeye uliyemsikia: "Mteja mwenye nambari sabini na tatu, tafadhali nenda dirisha la pili." Alikuwemo pia ndani ya lifti za majengo marefu, na katika simu ya idara ya maji pale wanapokuambia usubiri. Nyumbani tulimwita Kipaza tangu akiwa mchanga, kwa sababu kilio chake kilifika mtaa wa pili.

"Mpwa wangu amekuwa mtu mzito," Mjomba alipenda kusema. "Anawaamrisha matajiri wanyanyuke kwenye viti, na wananyanyuka. Mimi nikimwambia mtu asogee kidogo tu, ananiuliza wewe nani."

Mimi ndiye niliyempeleka huko. Nafanya kazi katika studio inayotengeneza sauti. Mtu huketishwa katika chumba chenye kuta za sponji, akasoma sentensi mpaka koo likauke, siku baada ya siku, na kompyuta ikamsikiliza. Baada ya hapo mwenyewe hatakiwi tena. Sisi tunaandika maneno na kompyuta inayasema kwa sauti yake, hata maneno ambayo hajawahi kuyatamka tangu azaliwe. Kipaza alisoma, akacheka na kila mtu, akaenda zake akasahau.

Sauti kama hizo zinatisha zikiangukia mikono mibaya. Kwa hiyo kila sauti inayotoka kwetu ina alama ndani yake. Ukisema neno chumbani, ukuta hukurudishia mwangwi. Mwangwi ukichelewa, unausikia. Ukisogezwa karibu sana na neno lenyewe, sikio linaumeza pamoja na neno na halijui kwamba limemeza vitu viwili. Kompyuta yetu huweka mwangwi wa namna hiyo nyuma ya sauti yote, mara karibu, mara karibu zaidi, na mpishano huo ndio maandishi. Ni kama mtu anayefuatwa na kivuli chake, na kivuli kinafanya ishara za mikono ambazo mwenyewe hazijui.

Kazi yangu ni ukaguzi. Watu wanaleta sauti wanazozitilia shaka, naziweka kwenye programu, nasubiri, na neno linatokea: IPO au HAIPO. Ikiwa IPO, sauti imetoka kwetu. Programu yangu haisemi zaidi ya hapo. Maandishi yenyewe, yaani hiyo ni kazi ipi na alipewa nani, huyafungua mtu mmoja tu, mkuu wetu wa studio. Tunamwita Bwana Kimya, si kwa upole, bali kwa sababu siku nzima anapiga kelele "Kimya!" kwenye korido, na hakuna mwenye kelele kumshinda yeye.

Kipaza alipopata kazi ya ujenzi mbali na nyumbani, Mama alimwombea safari njema na akaendelea kumwombea kila siku. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Kisha kikapita kipindi cha ukimya kilichotunyima usingizi, na baada yake zikaanza kuja jumbe za sauti. Kupiga hakupiga tena, na ukimpigia wewe, simu inaita mpaka inachoka.

Mama aliusikiliza kila ujumbe mezani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, yeye amefumba macho kama mtu aliye katika sala.

"Shikamoo, Mama. Mimi mzima wa afya. Kazi inaendelea vizuri. Mtandao wa huku ni wa kuungaunga ndiyo maana sipigi. Dada msalimie. Mjomba mwambie apunguze maneno."

Na nyuma yake mvua. Kila mara, mvua. Si ya kishindo, ni ile ya kutulia, inayokufanya utamani kujifunika shuka.

"Huko aliko watu hawaaniki nguo," Mama alisema akitabasamu. Akabonyeza kitufe, akamjibu mwanawe kwa sauti kubwa, kana kwamba umbali unahitaji kupigiwa kelele. "Mwanangu, vaa sweta! Mvua hiyo itakuua!"

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai. Hakucheka. Mama alipokwenda jikoni aliniinamia.

"Wewe," alinong'ona, "huyo ni Kipaza?"

"Mjomba, si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia. Hata benki namsikia. Ndiyo maana nakuuliza."

Nilitaka kumkemea, lakini neno lake lilikuwa limeingia. Ujumbe uliofuata niliusikiliza kwa masikio ya kazini, nikiwa na hedifoni, na nikaona jambo ambalo sijui lilinipitaje. Sauti ile haikuvuta pumzi.

Kila mtu huvuta pumzi anapozungumza. Ni kitu cha kwanza tunachofundishwa kukisikiliza: kabla ya sentensi kuna mnyweo mdogo wa hewa, na katikati ya sentensi ndefu kuna mwingine. Sauti za kompyuta hazina mnyweo huo. Kipaza alisema "Shikamoo, Mama", akanyamaza kidogo, akaendelea, na katika ule ukimya hapakuwa na mnyweo wa hewa mdomoni. Palikuwa na mvua tu. Nikaurudia. Nikasikiliza jumbe zote za nyuma. Mdogo wangu alikuwa amezungumza nasi kwa miezi bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Hata mvua sikuiamini tena. Mtu anayetaka kuficha kasoro za sauti ya kutengenezwa huifunika kwa kelele ya kitu kingine.

Sikuthubutu kusema. Lakini Mama ndiye aliyenizaa, na uso wangu anausoma kama kioo. Asubuhi moja, nikiwa navaa viatu vya kwenda kazini, aliniwekea simu yake mkononi.

"Kazi yako si ndiyo hiyo? Nisikilizie mwanangu."

"Mama, ya nini?"

"Mjomba wako akinong'ona anadhani ananong'ona. Nilisikia." Alikaza vidole vyangu juu ya simu. "Nipe ukweli, binti yangu. Namwombea kila siku. Nataka nijue naomba nini."

Kazini nilisubiri mpaka wenzangu wakatoka kwenda kula. Nilisali kwanza. Niliomba neno liwe HAIPO, kisha nikaona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuwemo ndani ya sauti ile na mimi nilikuwa namwomba Mungu arudi nyuma kunibadilishia. Nikabadilisha ombi. Nikaomba nguvu tu.

IPO.

Nikapima ujumbe mwingine. IPO. Wa kwanza kabisa, uliokuja baada ya kile kipindi cha ukimya: IPO. Alama ilikuwa dhaifu, kama iliyosikika kutoka chumba cha pili, lakini sauti zinazopita kwenye simu zote hudhoofika. Nikaweka sauti yangu mwenyewe, niliyojirekodi hapo hapo mezani. HAIPO. Programu haikuwa na kosa.

Bwana Kimya alipita mlangoni. "Mbona umepauka? Umeona jini?"

"Tumbo tu, Bwana Mkuu."

Sikumwambia. Nani alikuwa na sauti ya Kipaza ndani ya mashine zake? Nani angeweza kumfanya aseme lolote? Ni studio hii, na ufunguo wa studio hii ulining'inia shingoni mwake. Nilimtazama akienda zake akipiga kelele za kutaka kimya, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi nilimwogopa.

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa pale pale mezani. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kwamba sauti ile haivuti pumzi, kwamba imetengenezwa. Nilimwambia kwamba kuna mtu, sijui nani wala kwa nini, anaandika maneno na kompyuta inayasema kwa sauti ya mwanawe.

"Na mwanangu mwenyewe?"

"Sijui, Mama."

"Unajua," alisema taratibu. "Mtu aliye hai hasemewi."

Hakulia. Jioni ile alisali peke yake chumbani, na kupitia mlangoni nikasikia kwamba hakuomba tena mwanawe arudi salama. Aliomba apumzike.

Mjomba alipeleka taarifa polisi, wakaandika wanachoandika, wakamwambia asubiri. Mimi nilimkataza Mama kujibu. Nilimwambia hatujui tunazungumza na nani. Simu ikawa inakaa kabatini chini ya vitambaa, na hata huko chini ilikuwa inatetemeka.

Ujumbe wa kwanza ulisema, "Mama, mbona kimya? Simu imeharibika?"

Uliofuata ulisema, "Dada, mwambie Mama anijibu. Hata neno moja."

Niliusikiliza nimesimama, mgongo ukiwa ukutani. Tumezoea kuwalilia waliokufa, wao wakiwa kimya. Huyu alikuwa ndiye anayetulilia sisi. Mvua ikinyesha nyuma yake, sauti safi, isiyovuta pumzi, inauliza kwa nini imeachwa.

"Usimjibu, Mama," nilisema.

"Ananiita."

"Si yeye."

"Najua si yeye," Mama alisema. "Lakini ananiita."

Siku chache baadaye nilipigiwa simu na mlinzi wa benki, kijana mpole anayenifahamu. Alisema mama yangu yuko ukumbini tangu asubuhi na watu wameanza kumwangalia. Nilimkuta ameketi safu ya katikati, mkoba mapajani, kikaratasi cha foleni mkononi.

"Mteja mwenye nambari arobaini na moja, tafadhali nenda dirisha la kwanza," alisema Kipaza kutoka darini.

"Mama, nambari yako ni ngapi?"

"Ilishapita."

"Sasa unasubiri nini?"

"Nachukua nyingine ikipita." Alitazama juu, kwenye spika. "Huyu naye havuti pumzi. Lakini huyu sijakatazwa kumsikiliza."

Nilimshika mkono tukatoka. Mgongoni mwetu mdogo wangu aliendelea kuita watu, mmoja baada ya mwingine, na walinyanyuka wakaenda.

Jumbe zilipungua. Zilikuwa fupi, kisha fupi zaidi. "Mama, nakuomba." Kisha, "Sawa." Nilizipima zote, sijui kwa nini, labda kwa sababu mkono uliozoea kazi hufanya kazi hata moyo ukikataa. IPO. IPO.

Halafu ukaja mmoja usiokuwa na neno.

Niliufungua nikiwa kazini, mchana, simu ya Mama nikiwa nimekwenda nayo. Ilikuwa mvua peke yake. Mtu alikuwa ameshika kitufe na hakusema kitu, akakishika muda mrefu, kisha akakiachia. Nilibaki na hedifoni masikioni nikisubiri. Hakuna sentensi, hakuna salamu, hakuna hata kikohozi. Mkono wangu ukauweka kwenye programu.

IPO.

Niliangalia neno lile nikasogea karibu na skrini. Alama huwekwa nyuma ya sauti. Hapa hapakuwa na sauti ya mtu. Nani anakaa akatengeneza ukimya kwa mdomo wa maiti, akautuma kwa mama wa maiti? Kisha wazo likaja, dogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Miaka yote ya ukaguzi sikuwahi kujiuliza alama iko wapi ndani ya sauti. Hatukuhitaji. Sauti zetu hutoka safi, hazina kitu nyuma yake, kwa hiyo alama ikiwepo iko kwenye sauti, iwe wapi pengine? Niliuchukua ujumbe wa zamani, ule wa shikamoo. Nikakata maneno yote ya Kipaza, nikayatupa. Nikaunganisha mapengo peke yake, pale anaponyamaza kati ya neno na neno. Nikapima mapengo.

IPO. Na sasa ilikuwa na nguvu kuliko mwanzo.

Nilichukua kompyuta kama ilivyo, na waya wake ukiburuta, nikaingia kwa Bwana Kimya bila kubisha. Kama ni yeye, na iwe. Nilimwomba Mungu asimame pale pembeni yangu.

"Fungua alama hii," nilisema.

"Salamu imekwenda likizo?"

"Fungua, Bwana Mkuu. Nataka kuona umemwandikia nani."

Alinitazama, akautazama waya uliokuwa ukiburuta nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza kwa sauti ya chini. Alitoa ufunguo wake shingoni, akauchomeka kwenye kompyuta, akaandika nywila. Akasoma. Akakunja uso.

"Umeitoa wapi hii?"

"Ni sauti ya mdogo wangu."

"Hapana," alisema. "Hii si alama ya sauti. Hii ni alama ya mvua."

Nilifikiri amerukwa na akili, au mimi. Akaniketisha. Akaniambia kwamba zamani, kabla sijaajiriwa, kabla ya sauti za watu, studio hii iliuza mvua. Yeye mwenyewe alikaa kibarazani kwake na maikrofoni, masika mazima, akawagombeza watoto wa jirani wanyamaze. Mvua ile ilinunuliwa na hoteli, ofisi, na hospitali kwa ajili ya kuwatuliza wagonjwa. Kila mteja alipewa nakala yake yenye alama yake, ili nakala ikiibwa ijulikane imetoka wapi.

"Mvua inapigwa kwenye spika, maikrofoni ya simu inaisikia, na alama inaingia pamoja nayo," alisema. "Huyu mtu hakutengenezwa. Huyu mtu ameketi mahali penye mvua yangu."

"Wapi?"

Aligeuza kompyuta nione. Ilikuwa hospitali ya rufaa, jengo la nyuma, wodi ya wagonjwa wa koo na kifua. Hospitali ile naiona kila siku kupitia dirisha la basi nikija kazini.

Nilikaa pale nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sikufikiria furaha. Nilifikiria ule ujumbe mtupu, na mtu aliyeshika kitufe muda mrefu vile bila kusema, na kwamba labda huo ndio ungekuwa wa mwisho.

"Unakaa nini hapa?" Bwana Kimya akarudia kelele zake. "Nenda!"

Nilimpitia Mama nyumbani. Sikujua nimwambie nini, nisije nikamzika mwanawe mara ya pili. Nilimwambia tu, "Mama, vaa viatu." Alinitazama usoni akavaa. Mjomba alitufuata mpaka kwenye geti la hospitali, kisha miguu ikamgomea.

"Nyinyi tangulieni," alisema. "Mimi nalinda geti."

"Geti lina walinzi wawili, kaka yangu," Mama alimwambia.

"Nitakuwa wa tatu."

Nje jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye soli. Tulivuka ua, tukapanda ngazi za jengo la nyuma, na kabla hatujafika juu nikaisikia. Mama naye aliisikia, akasimama, mkono kwenye reli. Nyuma ya mlango wa mbao wa wodi, mchana ule mkavu, mvua ilikuwa inanyesha.

Nesi wa mlangoni aliuliza tunamtafuta nani. Mama alipita katikati ya vitanda akitazama nyuso, kulia na kushoto, mvua ikimwagika kutoka darini bila kumlowesha mtu. Watu wa wodi ile walitugeukia bila kutoa sauti. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesalimia. Kila mmoja alikuwa na kitambaa cheupe shingoni.

Alikuwa kitanda cha mwisho, amegeukia ukuta. Alikuwa amekonda hadi mabega yamebaki pembe. Mama alimgusa kisogo, pale anapomgusa tangu akiwa mtoto, na yeye akageuka.

Midomo yake ilifunguka na hakukutoka kitu. Alinyanyua mkono, akasogeza kitambaa. Katikati ya shingo palikuwa na kitundu chenye mpira, na juu ya kitundu akaweka kidole. Ndipo sauti ikatoka mdomoni, ile ile, safi.

"Mama? Wewe hukufa?"

"Nife mimi?" Mama alisema. "Kwa nini nife mimi?"

"Mliacha kunijibu." Aliondoa kidole, kifua kikapanda, akakirudisha. Nikaelewa. Alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa anaivuta shingoni, si mdomoni. "Nikajua umekufa, na Dada ananificha. Nikasema huyo ananificha, kama mimi nilivyowaficha."

Alitueleza kipande kwa kipande, kidole kikipanda na kushuka. Ukuta ulimwangukia kazini. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia mpaka njia ya hewa ikapata kovu ikabana, wakamtoboa hapa, wakamleta rufaa. Aliwasihi madaktari wasituite kwa sababu ya presha ya Mama. Alitaka arudi mzima, akiwa na hadithi ya kuchekesha. Mpira ule ukivuta hewa hutoa mlio, na aliogopa Dada mwenye masikio ya kazini atausikia. Kwa hiyo kila alipotaka kurekodi alimwomba nesi aongeze mvua.

"Mficha maradhi," Mama alianza kwa hasira, akakatisha. Sote tunaijua methali ile inavyomalizika. "Sitaimalizia. Mwenyewe unaijua. Mshenzi wewe! Hapo hapo, basi moja kutoka nyumbani, na mimi nakwambia vaa sweta!" Alikuwa anampiga begani kwa kiganja, taratibu, huku machozi yanamshuka. "Nani amekufundisha kumlinda mama yako na mtoto wake?"

Kipaza alinigeukia. "Dada. Kwa nini mliacha?"

Ilikuwa zamu yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Niliipima sauti yako nikasema si wewe. Nikamkataza Mama asikujibu. Niliona alama nikadhani iko kwako, kumbe iko kwenye mvua. Nisamehe."

Alinitazama, kisha uso wake ukakunjamana na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Kidole hakikuwepo shingoni, kwa hiyo kicheko chote kilitokea pale kwenye mpira, hewa tupu, na mdomo ulikuwa wazi bila sauti. Sijawahi kuona kitu cha kutisha nilichokipenda kama kile.

Nesi alikuwa amesimama nyuma yetu na faili. Alisema kwa upole kwamba kijana huyu alipangiwa upasuaji wa kufungua njia ya hewa, lakini alikataa kusaini. Amewaambia hana mtu wa kurudi kwake. Jina lake limeondolewa, na daktari anayefanya kazi hiyo yuko hapa leo tu, kesho anasafiri.

Kipaza aliangalia shuka.

"Nesi," Mama alisema, "mvua hii inazimwa wapi? Namtaka mwanangu aseme, na mimi nisikie vizuri."

Nesi alisita, akaenda ukutani, akazungusha kitufe.

Mvua ilikatika. Na hapo chini yake, pale ilipokuwa imelala muda wote ule, tukasikia wodi. Fiii, kutoka dirishani. Fiii, kutoka mlangoni. Vitanda vyote vilikuwa vinavuta hewa shingoni, kila kimoja kwa wakati wake, mlio mwembamba kama wa upepo kwenye tundu la ufunguo. Mzee wa kitanda cha jirani alifunika shingo kwa mkono, kama mtu aliyekutwa hana nguo.

Mama aliwatazama wote. Kisha akamwangalia mwanawe, akamngoja.

Kipaza aliweka kidole shingoni. "Mwambie daktari," alimwambia nesi, "nasaini."

Nesi alitoka karibu akikimbia. Mama alipiga magoti kati ya vitanda viwili, sakafuni, mkoba ukiwa bado begani, na mimi nikapiga magoti kando yake. Alianza kuomba kwa sauti, kwa ajili ya mwanawe na kwa ajili ya vitanda vyote. Yule mzee wa jirani alishusha mkono shingoni. Kila Mama alipotua ili avute pumzi, tuliwasikia wakivuta pamoja naye.